Kinu cha Mama Mumbua

Juzi nilikuwa sokoni Thika natafuta ndengu, nikapita karibu na mama mmoja aliyekuwa amemwaga muthokoi juu ya gunia ili upate jua. Ulikuwa haujakauka. Harufu ya mahindi yaliyonyunyiziwa maji na kutwangwa mpaka maganda yakatoka ikanipata puani, nikasimama katikati ya njia, watu wananisukuma, "Shosho, songa!" Sikusonga. Yule mama akaniangalia kwa wasiwasi. "Nikupimie ngapi?" Nikamwambia sitaki kununua, nataka kunusa tu. Akalivuta gunia lake akalisogeza karibu na miguu yake. Sikumlaumu. Mimi pia ni mtu wa kushuku watu, nimekuwa hivyo tangu meno ya utoto yananitoka, na kama angejua nilichowahi kufanya kwa sababu ya makapi ya mahindi, angelivuta zaidi.

Ninyi wa rika langu mliokulia mashambani upande ule mnazikumbuka laini za katani. Vyumba vimeshikana ukuta kwa ukuta, mlango unatazama mlango, na mfereji mmoja mwishoni ambapo mambo ya kila nyumba yalioshwa pamoja na sufuria. Harufu ya majimaji ya katani ilikuwa imeshika hata blanketi. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kukwangua majani, Mwaitu, yaani mama yangu, alikuwa akianika nyuzi kwenye waya. Laini yetu ilikuwa ya Wakamba watupu. Wakikuyu walikuwa wameondolewa wote, wamepakiwa malori, wakapelekwa rizavu, maeneo waliyotengewa, au pengine ambapo hatukuambiwa.

Maana zilikuwa siku za imajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, na kila Mkikuyu alishukiwa kuwa mpiganaji wa msituni. Kila mtu alikuwa akimtazama mwenzake mara mbili. Homgadi, askari wa kienyeji wa serikali, walikuwa wakija na mtu aliyevikwa gunia kichwani, limetobolewa matundu mawili ya macho, watu wanapanga laini mbele yake, na akitikisa kichwa tu, wewe ndio umekwenda. Sisi watoto tulifanya mchezo wa hayo. Mmoja anavaa gunia la posho, wengine tunapita, anayetikisiwa kichwa anakimbizwa hadi kwenye shimo la taka, ambalo ndilo lilikuwa lori. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Leo nikikumbuka nasikia aibu, lakini tulicheka.

Mumbua na mama yake walikuja msimu ambao mahindi ya nyumbani yalikuwa ndiyo yameanza kutufikia. Walipewa chumba kinachotazamana na chetu. Mama yake alisema ni Wakamba waliokaa sana Ruiru kwenye kahawa, ndiyo maana Kikamba cha mtoto kinachechemea, na mumewe ni askari, yuko jeshini mbali. Watu wakasema sawa. Siku zile watu walisema sawa haraka, kisha wakaenda kusema mengine wakiwa mfereji.

Mimi nilimpenda Mumbua siku hiyo hiyo. Alikuwa na miaka tisa kama mimi, ana pengo mbele kama mimi, na alijua kusuka nywele za katani kwenye gunzi la mahindi likawa mtoto wa kubebwa mgongoni. Langu alilisuka mistari saba, lake mitatu. "Lako liwe zuri zaidi," akaniambia, "wewe ndiye mwenyeji." Nilimfundisha nyimbo zetu za kupiga makofi, na akikosea neno la Kikamba nilimcheka, naye anacheka, anarudia mpaka anapata. Mchezo mmoja tu alikataa, ule wa gunia. Tulipomvika alilirarua kichwani akakimbilia kwao akilia, na mimi nikaona huyu anaringa, anaona michezo yetu ni ya kishamba.

Aliuliza maswali mengi. Kwenu ni wapi? Matungulu. Susu wako anaitwa nani? Ana ng'ombe? Nilimwambia yote, maana nani asiyependa kusimulia kwao? Nilimwambia juu ya Susu, nyanya yangu, jinsi anavyolala na fimbo chini ya mkeka, juu ya kisima chenye mawe meupe, na ng'ombe dume mwekundu mwenye pembe moja aliyewahi kumrusha mjomba juu ya ua. Basi siku moja niko mfereji, nikamsikia Mumbua akimsimulia mke wa nyapara. "Kwetu kuna kisima cha mawe meupe," anasema, "na Susu wangu ana ng'ombe wa pembe moja."

Nilisimama na debe langu, nikasikia moto umeniwaka masikioni. Ng'ombe wa Susu! Mtu anaweza kukuibia ndala, anaweza kukuibia sukari, lakini nyanya? Sikumsemesha siku mbili. Alikuja mlangoni na lile gunzi lake mgongoni, akaniita, nikajifanya nimelala, na jua liko katikati ya mbingu.

Ukishaanza kumtazama mtu kwa jicho hilo, huachi. Nikaanza kutazama nyumba yao. Niliona kwamba mimi nimekaribisha Mumbua kwetu mara nyingi, amekula kwetu, lakini mimi sijavuka kizingiti chao hata mara moja. Niliona mama yake anapikia ndani, mlango umefungwa, moshi unamtesa, wakati wanawake wote wanapika nje wakipiga domo. Halafu nikaona jambo la kuku.

Lazima nieleze kidogo. Posho ya shamba ilikuwa unga. Muthokoi hautoki kwa unga, unataka mahindi mazima, na mahindi mazima yalitoka nyumbani, gunia la mjomba, gunia la shangazi, kila nyumba na kwao. Kwa hiyo kila jioni, kabla jua halijazama, laini nzima ilikuwa ikitwanga. Unanyunyiza maji, unatwanga polepole usivunje punje, unapeta, makapi unamwaga mlangoni, na kuku wa laini wanakuja wanakimbizana. Kuku wale hawakuwa na adabu, waliijua saa kuliko kengele ya shamba.

Mama Mumbua naye alitwanga kila jioni. Alikuwa na kinu kizuri, cheusi, kirefu. Lakini kuku hawakwenda kwake hata mmoja. Na sauti ya kinu chake haikuwa ile yetu nzito ya du, du. Ilikuwa sauti kavu, iliyozibwa, ya kitu kisicho chakula.

Wakati huo huo leso yangu ya kichwa ikapotea kwenye kamba ya nguo. Leso ya maua mekundu aliyoninunulia Baba Thika. Siku mbili baadaye nikashikwa na homa, nikatetemeka mpaka meno yakagongana. Na huku nimelala, kinu cha ng'ambo kinapiga, tup, tup, tup, na kila pigo naliona linapiga ndani ya kichwa changu. Nilikuwa nimesikia wanawake wakisema jinsi mchawi anavyochukua nguo yako, akaiponda, na wewe ukapondeka nayo. Homa iliposhuka kidogo nikajikokota, nikazunguka nyuma ya chumba chao, nikatia jicho kwenye ufa wa ukuta.

Mama Mumbua alikuwa amesimama juu ya kinu, jasho linamtiririka. Alisimamisha mchi, akaingiza mkono, akatoa kitambaa, akakikunja upya, akakirudisha. Hapakuwa na punje moja ya mahindi. Mumbua alikuwa amekaa pembeni na ungo mtupu magotini, anaupeta. Anapeta hewa! Shwa, shwa, shwa, kama mtu mwenye kazi.

Woi, niliogopa. Nilikimbia nikiwa na miguu ya homa, na mtu wa kwanza niliyemkuta mfereji alikuwa mke wa nyapara. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya upole, aliyejua kuuliza.

"Mbona unahema, mwanangu?"

Nikamwambia. Nikamwambia ya kitambaa, ya ungo, ya kuku wasiokwenda. Nikaongeza na ya ng'ombe wa Susu, kwa hasira. Alinisikiliza hadi mwisho, hata debe lake likajaa likamwagika hakufunga maji.

"Kwa hivyo hawana mahindi kabisa?"

"Hawana."

"Na hakuna mtu wa kwao amewahi kuja na gunia?"

"Hakuna. Anatwanga leso yangu, mama. Anataka nife."

"Hufi," akasema, akanishika shavu. "Umefanya vizuri sana kuniambia." Akafungua pindo la nguo yake akanipa kipande cha sukari guru. Mimi nikakila pale pale. Kilikuwa kitamu, sitasema uongo.

Nilirudi nyumbani najiona nimeponyeshwa. Mwaitu alikuwa anachambua maharagwe. Nikamsimulia kwa fahari, nikitegemea anikumbatie. Alisimamisha mikono. Uso wake ulibadilika rangi nikaona.

"Umemwambia nani?"

"Mke wa nyapara."

"Umemwambia ya kuku?"

"Ndiyo."

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Aliweka ungo chini, akasema kwa sauti ya chini nisiyoizoea, "Mimi nimeona hao kuku tangu wiki ya kwanza. Nilidhani ni mimi peke yangu."

"Ni mchawi, Mwaitu?"

"Nyamaza. Ni mtu hana kwao pa kutoa mahindi. Huyo si Mkamba. Ni Mkikuyu, na mtoto wake ni Mkikuyu, na wakijulikana watapakiwa lori kesho kutwa, na pengine watatenganishwa. Anatwanga ili wewe usikie. Umesikia sasa?"

Sikusikia vizuri. Nilikuwa na miaka tisa, na Mkikuyu niliyemjua mimi alikuwa mtu wa kwenye hadithi za kutisha, mwenye panga na nywele ndefu. Hakuwa mtoto mwenye pengo anayenisukia mistari saba. Lakini nilielewa lori. Nilielewa kwamba kwenye ule mchezo wetu ndimi niliyetikisa kichwa, tena bila hata gunia la kujificha.

Mwaitu alivuka kwenda kwa Mama Mumbua saa hiyo hiyo, na kibakuli mkononi kama anayekwenda kuomba chumvi. Aliniambia nikae nje na Mumbua. Mlango ukafungwa. Tulikaa kwenye kizingiti, mabega yanagusana. Ndani nilisikia sauti ya Mama Mumbua ikipanda mara moja tu.

"Kwa nini unisaidie? Unataka nini kwangu?"

Na sauti ya Mwaitu, "Sitaki kitu. Kesho ni siku ya soko. Toka na kikapu kama unaenda Thika. Pita upande wa Kilimambogo, uulize Matungulu, ufike kwa mama yangu. Mwambie nimekutuma mimi. Huyo atakupokea."

 Nilijua huyo mama anampima mama yangu, jinsi mimi nilivyokuwa nikiwapima wao. Walipotoka, Mama Mumbua alinitazama. Alinitazama sana. Sijui mpaka leo kama Mwaitu alimwambia.

Asubuhi yake, kabla laini haijaamka, nilikuwa mfereji walipopita. Mama ana kikapu na leso mabegani, Mumbua amevaa nguo mbili, moja juu ya nyingine, na yule mtoto wake wa gunzi mgongoni. Mama yake alisimama kufunga kamba ya kiatu ili tupate kuagana, nadhani. Mumbua akanikaribia. Alinong'ona kwa kile Kikamba chake, safari hii bila kosa hata moja.

"Ni nani alisema?"

Niliangalia maji. "Sijui," nikasema.

"Si wewe?"

"Si mimi."

Akatikisa kichwa kwamba sawa, akamfungua yule mtoto wa gunzi, akaniwekea mkononi. "Umlinde ng'ombe wangu wa pembe moja," akasema, akacheka na lile pengo. Wakaenda. Hawakugeuka, kwa sababu mtu anayekwenda soko hageuki.

Sasa ilibaki kazi, na kazi hiyo Mwaitu alinipa mimi. Kwa nyapara alipeleka habari kwamba mtoto wa jirani ana surua, mama yake hawezi kuja kazini, na watu wasikaribie. Jioni ilipofika, laini ilipoanza kutwanga, alinisukuma ndani ya chumba cha Mama Mumbua, akafunga mlango.

"Twanga," akasema. "Usiache mpaka nikwambie. Kila wakisikia kinu, wale wako hatua nyingine mbele."

Mchi ulikuwa mrefu kuliko mimi. Niliingiza mkono kwenye kinu nikatoa kile kitambaa. Hakikuwa leso yangu. Ilikuwa nguo ya Mumbua ya utotoni, ya bluu, imechakaa kwa mapigo mpaka unaona ng'ambo. Leso yangu Mwaitu aliikuta baadaye nyuma ya gunia letu la mahindi, panya wameitoboa. Nilikikunja kitambaa, nikakirudisha, nikatwanga. Nilikuwa na mabaki ya homa, mikono inanichubuka, machozi na makamasi yanaingia mdomoni, natwanga tu. Nje Mwaitu alikuwa akimwaga makapi yetu kwenye mlango ule, na kwa mara ya kwanza nikasikia kuku wanakuja pale, wanagombana, wanadonoa.

Jioni ya pili mke wa nyapara alikuja mwenyewe. Niliijua sauti yake ya upole.

"Hodi, Mama Mumbua! Umeshinda aje?"

Nilisimama. Kisha nikakumbuka kwamba kinu kikinyamaza ndio mwisho, nikatwanga tena, tup, tup, moyo unapiga kuliko mchi.

"Usiende karibu," nilimsikia Mwaitu. "Ni surua kweli kweli. Mimi mwenyewe namwekea maji hapa nje. Hata kuongea hataki, amechoka. Anatwangia mgonjwa uji."

"Mahindi ametoa wapi?"

"Si kaka yake alileta gunia juzi? Hukumwona? Tazama makapi haya yote."

 Kupitia upenyo wa chini ya mlango niliona miguu ya mke wa nyapara, na kuku wamejaa karibu na vidole vyake wanadonoa, hawana habari. Alisimama hapo muda mrefu sana. Nikafika mahali mikono haina nguvu tena, nikaukumbatia mchi, nikawa nauinua kwa kifua.

"Aiya," akasema hatimaye. "Kumbe huyo mtoto wako ni mwongo."

"Ni mwongo," Mwaitu akajibu. "Ni mwongo sana. Nimemchapa."

Nilisikia, nikaendelea kutwanga. Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua, maana ya mfereji asubuhi ile sikuwa nimemwambia.

Siku ya tatu homgadi walikuja hata hivyo, wakavunja mlango, wakakuta chumba kitupu. Tuliulizwa, Mwaitu akasema hata yeye amedanganywa, akalia machozi ambayo sikujua anayo. Baba alinyimwa posho ya mwezi mmoja kwa sababu ya maneno hayo, na mke wa nyapara hakutusalimu tena. Kinu tulikichukua sisi.

Tuliposafiri Matungulu wakati wa mavuno, kitu cha kwanza Mwaitu alichomuuliza Susu, hata kabla ya kutua mzigo, ni kama wageni walifika. Susu alisema hakuna mtu aliyefika. Hakuna mwanamke, hakuna mtoto. Mwaitu aliketi chini akasema, "Hakuniamini." Alisema hivyo mara nyingine nyingi maishani mwake, akiwa anaosha vyombo, akiwa anachambua maharagwe, bila mtu kumuuliza. Hakuniamini. Mimi nilikuwa nasikia kila mara, na kila mara nilikuwa nalikumbuka lile jicho alilonitazama nalo Mama Mumbua pale mlangoni. Pengine walikamatwa njiani. Pengine walimpata mtu mwingine wa kuamini, mwenye mtoto anayejua kunyamaza.

Mwaitu ametuacha mwaka huu, akikaribia miaka mia. Kinu kimekuja kwangu Juja, kiko mlangoni, na wanafunzi waliopanga vyumba vyangu wanakikalia wakichezea simu. Wakiniuliza ni cha nini, nawaambia ni cha kutwangia. Siwaelezi zaidi. Mtu mmoja tu ndiye anayenidai maelezo, na sijui kama yuko Ruiru, au kama yuko popote. Kama yuko, siku hizi ana wajukuu, na bila shaka wanamwita kwa jina lake lenyewe ambalo mimi sikupata kulijua. Uliniuliza swali pale mfereji, nami nikaangalia maji. Ni mimi, Mumbua. Ni mimi niliyesema.